Tarihi ya Mwiko wa Roccafrasca na Kuangushwa kwa Alama ya Kuuliza

Sogeeni, enyi wenye masikio, sogeeni na vigoda vyenu, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa siku mbili katika ua wa mjane mmoja wa Roccafrasca, milimani Molise, nchini Italia, mwezi wa Agosti. Vita ambavyo havikumwaga damu ila maji ya nyanya, wala havikuteka mji ila alama moja ndogo ya kuuliza, chini kabisa ya ukurasa wa mia sita na kumi na tatu. Msitazamie farasi. Farasi wa mwisho wa Roccafrasca aliuzwa ili linunuliwe trekta, na hilo trekta nalo sasa limelala miibani.

Nanyi mababu zetu Waosko, mliolala chini ya mashamba ya ngano pasipo kutuachia hata kitabu kimoja, nawaomba mnipe ulimi. Mkininyima sitanuna, ninyi wenyewe hamkuwa watu wa kuandika sana.

Shujaa wetu ni Ersilio Pallotta mwana wa Vitale, mwalimu mstaafu wa Kilatini, Mwenye Miwani Mbili, Simba wa Tanbihi, Mtikisa Vumbi la Makabati. Mkiniuliza nimeyajuaje ya moyoni mwake, sina jibu ila kwamba mimi naye tunanyoa ndevu mbele ya kioo kimoja, na kwa sababu hiyo sitamsifu kupita kiasi. Nimekwisha kumwona asubuhi.

Sasa fahamuni kazi aliyojipa mtu huyu duniani, watu wengine walipokuwa wakipanda zabibu. Warumi walisema Kilatini, Waosko wa milima yetu wakasema Kiosko, majirani zao Waumbria wakasema Kiumbria, na lugha hizo zote zilikuwa mabinti wa mama mmoja, tena wajukuu wa bibi mmoja, ambaye hakuna aliyepata kumwandika wala kumsikia. Lakini ukikutana na wajukuu watano wenye pua moja, huhitaji picha ili useme pua ya bibi yao ilikuwaje. Ndivyo wafanyavyo wasomi wa lugha hizo kwa vitenzi: huwapanga wajukuu mstari mmoja, wakawatazama pua, wakasema, bibi alitamka hivi alipopanda, na hivi alipovuna. Kila neno la bibi hutanguliwa na nyota ndogo, maana yake, hili hatukulisikia, tumelikisia. Na wakiushuku hata ukisiaji wenyewe, huligongomea nyuma yake alama ya kuuliza. Nyota ni heshima katika kazi hiyo. Alama ya kuuliza ni aibu, nayo haitoki kwa sabuni.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita, Ersilio, angali na nywele, alitoa waraka wa kurasa kumi na moja kwamba bibi alikuwa na kitenzi chake cha kukoroga. Ushahidi wake ulikuwa nusu ya neno la Kilatini na robo ya neno la Kiumbria. Vilivyobaki ni mapenzi. Akaujibu Galeazzo Brandimarte, profesa wa chuo kikuu, Mlinzi wa Malango, ambaye hajapata kucheka isipokuwa kwa maandishi: "Bibi hakukoroga kitu. Mwalimu Pallotta ndiye aliyemtia mwiko mkononi."

Mambo hayo yangekufa katika jarida linalosomwa na watu tisa, lau si shujaa wetu mwenyewe. Alipolipokea jarida aliona jina lake katika mstari wa kwanza, na pasipo kufika wa tatu akalikimbiza baa, akalitandaza juu ya meza ya wacheza karata, akaagiza mvinyo kwa wote. Nunzio mwenye baa, mtu wa sauti nzuri, akalisoma lote mpaka mwisho. Tangu jioni ile mtu hakumwita tena Ersilio. Walimwita Mwiko.

Msidhani hilo ni jambo la mzaha. Katika Roccafrasca nusu ya watu ni Pallotta, na mtu akifa hubandikwa ukutani tangazo lenye jina lake, na chini yake, kwa herufi nene, jina la utani, kwa kuwa bila hilo hakuna ajuaye alie au aendelee kula. Jina la utani ndilo linaloingia kaburini. Shujaa alikuwa na miaka sitini na minane, na moyo uliokwisha kumwonya mara moja pale kwenye ngazi za kanisa, na kila apitapo ukuta ule wa matangazo aliliona lake limekwisha kubandikwa: ERSILIO PALLOTTA, na chini yake, MWIKO. Iliuma. Nasema wazi kwamba iliuma, maana nilikuwapo.

Na sasa Brandimarte huyo huyo alikuwa akifunga kamusi kuu ya vitenzi vyote vya bibi, kazi ya miaka ishirini. Ilikuwa ifungwe tarehe kumi na mbili Agosti, saa sita adhuhuri, kwa kuwa baada ya hapo wapiga chapa wangekwenda pwani kwa sikukuu ya katikati ya mwezi, ambapo katika nchi yetu hata msiba huombwa usubiri. Kitenzi cha kukoroga kilikuwa humo, katika tanbihi, kina nyota mbele na alama ya kuuliza nyuma, kama mfungwa kati ya askari wawili. Ersilio alijiapia kwamba alama ile ikianguka, jina nalo litaanguka. Namna gani, hakujua. Alidhani watu wa baa wataona haya.

Hata mwezi wa Julai akaenda kununua mayai kwa Incoronata Zampino, mjane wa miaka themanini kasoro miwili, Mwenye Sufuria ya Shaba, ambaye kila mtu mjini humwita shangazi, hata wanaomzidi umri. Akiwa anangoja mayai, macho yake yakaangukia mafiga matatu ya uani. Figa moja lilikuwa na michoro. Chini ya masizi, zikienda kutoka kulia kwenda kushoto kama Waosko walivyopenda, zilisimama herufi mbili za mwanzo za kitenzi chake, na nyingine zikazama chini, upande uliofukiwa ardhini.

Shujaa akapiga magoti. Mayai mawili yakavunjika.

"Ewe jiwe," akanena, "ewe shahidi uliyenyamaza karne ishirini na tatu ukichomwa matako na kuni za wasiojua, leo nimekuja, mimi Ersilio mwana wa Vitale, nikutoe utumwani."

"Humtoi mtu," akasema Incoronata. "Hilo ni figa langu."

"Shangazi, hili si figa. Hili ni sauti ya taifa."

"Basi ni sauti ya taifa inayoshika sufuria yangu. Marehemu aliyapima usawa hayo mawe kwa kuweka juu yake bilauri ya maji, yakakaa sawasawa, na toka hapo hayajaguswa. Ukiling'oa leo, nyanya zangu nitazipikia wapi? Figa moja haliinjiki chungu, na mawili pia hayainjiki. Hiyo hata wewe uliyesoma unaijua."

"Na nyanya zenyewe ni lini?"

"Tarehe kumi na moja. Zinakaa kwenye maji mpaka kesho yake asubuhi. Tukishapakua chupa, lichukue, lisome, lirudishe."

Ersilio akahesabu kwa vidole. Tarehe kumi na mbili, asubuhi. Na kamusi inafungwa adhuhuri hiyo hiyo.

"Na kitu kingine," akasema mjane. "Wanangu wote wawili wako Turino, mwaka huu hawaji. Nahitaji mikono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwalimu. Wewe utakoroga."

Kulipopambazuka tarehe kumi na moja shujaa alishuka vitani. Alivaa aproni ya marehemu Zampino, ambaye alikuwa mtu mfupi na mpana, hivyo ikamfunika tumbo na kuacha mengine yote wazi kwa adui. Mbele yake zilisimama kilo mia na hamsini za nyanya, jeshi jekundu, safu kwa safu. Akakabidhiwa mwiko wa mti wa mwaloni, mrefu kama jembe. Akautazama mwiko. Mwiko nao ukamtazama.

"Usiniangalie hivyo," akasema Incoronata, "si mimi niliyekupa jina. Koroga kutoka chini. Ukikoroga juu juu inashika chini."

"Shangazi, mimi nimeandika juu ya kukoroga kurasa kumi na moja."

"Ndiyo maana unakoroga kama mtu anayetafuta pete kisimani. Chini, nimesema."

Akakoroga kutoka chini. Akakoroga asubuhi na akakoroga mchana. Nyanya zikachemka na kumrushia mishale ya moto usoni na mikononi, naye hakurudi nyuma, au tuseme alirudi mara mbili, mara ya pili akajificha nyuma ya ngazi akisingizia kamba ya kiatu. Mjane alisaga, akachuja, akajaza chupa mia moja, katika kila moja jani la rihani. Kisha ikaja zamu ya kuzivisha chupa, maana sufuria hiyo hiyo huoshwa, chupa zikapangwa ndani yake zimefungwa matambara na vipande vya magunia zisigongane, maji yakajazwa, zikachemshwa, zikaachwa zipoe polepole humo humo mpaka kesho. Hiyo ndiyo sheria, na aliyeivunja hujulikana na dunia nzima mwezi wa Januari, chupa zake zikichacha.

Shujaa akapewa chupa azivishe. Ya kwanza aliivisha kama mtoto mchanga. Lakini macho yake yakamtoroka, yakaenda chini kwenye lile figa, kwenye zile herufi mbili, na akili ikafuata macho. Akaanza kuwaza kwamba herufi ya tatu ikiwa ni ile anayoiombea, basi ya nne haina njia ya kukwepa. Na mikono, ikiwa haina mkubwa wa kuiongoza, ikawa inapitisha kitambaa tu, kama padri anayebariki umati. Chupa saba zilishuka majini zikiwa nusu uchi. Hakuna aliyeona.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili wakafunua sufuria. Maji yalikuwa mekundu.

Incoronata hakupiga kelele. Alitia mkono, akatoa shingo ya chupa, akaiweka juu ya ukuta. Akatoa nyingine. Alipofika ya saba akajifuta mkono kwa aproni, akazungumza kwa utulivu ule ambao wanaume wa Roccafrasca huuogopa kuliko mvua ya mawe.

"Miaka hamsini na sita natia chupa. Nimetia nikiwa na mimba ya miezi tisa. Nimetia wiki niliyomzika Zampino. Nilipovunja nyingi zilikuwa mbili, na mwaka huo kulikuwa na tetemeko. Hizi ni kazi yako?"

"Ni kazi yangu, shangazi."

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Herufi ya tatu."

Mjane akamtazama, mtu mzima mwenye nyanya nyusini. "Haya, nenda ukaing'oe hiyo herufi yako kabla sijabadili mawazo. Na ukitoa jiwe uniachie shimo kama lilivyo."

Wakapakua chupa tisini na tatu zilizo hai. Wakaisogeza sufuria pembeni pamoja na maji yake. Shujaa akatia mtaimbo, akaomba dua kwa mababu, akasukuma, jiwe halikusikia. Akaomba tena kwa sauti. Incoronata akamsogeza kwa kiuno, akakalia ncha ya mtaimbo, jiwe likatoka. Saa hiyo ilikuwa saa mbili na nusu.

Upande wa chini ulikuwa mweupe, safi, na laini kama uso wa sabuni iliyotumika. Ersilio akauelekeza kwenye jua, akauelekeza kivulini, akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza. Hakuona kitu. Kidole chake kilisikia mifereji hafifu, ila kidole hakijui kusoma. Miaka thelathini na mmoja ikamkalia mabegani, akaketi chini kwenye majivu.

"Umemaliza?" akauliza mjane.

"Ipo silaha moja bado," akasema shujaa, na hakuamini asemalo.

Silaha yenyewe ni hii, na kila mwenye kazi hiyo anaijua. Hulowekwa karatasi nene, hutandazwa juu ya jiwe, hupigwapigwa kwa brashi ngumu mpaka iingie ndani ya kila mkwaruzo, kisha huachwa juani ikauke. Ikibanduliwa huja na sura ya jiwe. Brandimarte haamini picha ya jiwe, kwa kuwa kivuli ni mwongo, lakini karatasi huiamini kama Injili. Ersilio alikuwa nayo karatasi, alikuwa nayo brashi. Akaenda kwenye bomba, akafungua. Bomba likakohoa, likanyamaza.

"Agosti hii, mwalimu," akasema Incoronata. "Manispaa wanafunga mpaka saa nane. Unaishi Roccafrasca au unakuja kutalii?"

"Hakuna maji popote? Ndoo, mtungi, chochote?"

"Yaliyokuwapo yote yako ndani ya sufuria. Na nyanya zangu saba."

Mabibi na mabwana, historia hugeuka juu ya bawaba ndogo. Shujaa akatazama maji yale mekundu, akatazama karatasi nyeupe aliyoiagiza kutoka mjini, akatazama saa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaitosa karatasi katika dhambi yake mwenyewe, akaitandaza juu ya jiwe, akaanza kupiga. Alipiga mpaka bega likafa ganzi, na Incoronata, ambaye hajui kumwona mtu akifanya kazi vibaya akanyamaza, akampokonya brashi na kumalizia. Kisha wakaketi juu ya ukuta pamoja na vile vichwa saba vya chupa, wakala mkate na jibini, wakangoja jua lifanye lake.

"Ukishapata hiyo herufi, utapata nini?" akauliza mjane.

"Hawataniita Mwiko."

"Aliyekwambia ni nani?"

Shujaa akamega mkate. Kwa kweli hakuna aliyemwambia.

Saa nne na dakika hamsini akaibandua karatasi kwa ncha za vidole. Maji meupe yangekauka yakaiacha nyeupe tupu, kama lilivyokuwa jiwe. Lakini yale mekundu yalikuwa yameteremkia mahali palipo chini kuliko pengine, zikazamia humo chembe za nyanya, zikakaukia. Na juu ya karatasi, kwa wekundu mwembamba, zikasimama herufi ya tatu, na ya nne, na ya tano, na neno zima, na baada yake maneno mengine mawili. Shujaa akasoma. Akasoma tena kwa miwani moja. Akaanza kulia, na sitamwonea haya kwa hilo.

"Imeandikwa nini?" akauliza Incoronata.

"Inaamrisha. Ni sheria ya karamu ya miungu yao. Inasema, akoroge kila mtu kwa zamu yake."

Mjane akainamia karatasi. "Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Miaka elfu mbili na mia tatu imeandikwa kwenye jiwe," akasema, "na Zampino aliegemeza miguu yake hapo hapo kila siku ya nyanya, akinywa mvinyo."

Karatasi ikapigwa picha, picha ikarushwa kwa simu, na ilipotimia saa tano na nusu simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mlinzi wa Malango.

"Mwenzangu mtukufu," akasema Brandimarte, "natumaini afya yako ni njema. Nina karatasi yako mbele ya macho. Nalazimika kuuliza kama umeumia."

"Sijaumia, mheshimiwa. Ni nyanya."

Upande wa pili kiti kikavutwa.

"Nyanya za namna gani?"

"Ndefu. Za hapa hapa. Tumezipika jana."

"Na mlizikoroga nyinyi wenyewe."

"Nilizikoroga mimi."

Akasikika mtu akivuta pumzi, halafu karatasi zikifunuliwa. "Mwenzangu, sipendi ninachokiona. Nimejitahidi nusu saa nzima nisikione. Lakini herufi ni herufi, na mimi nina macho. Nyota itabaki, hilo unalijua. Bibi mwenyewe bado hatujamsikia. Nyuma yake…" Ikasikika kalamu ikikwaruza mara moja. "Nyuma yake hakuna kitu tena. Uniletee karatasi yenyewe baada ya sikukuu. Na chupa, kama zimebaki."

Basi alama ya kuuliza ikaanguka. Haikutoa mlio. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na nne.

Jioni shujaa akaingia baa kwa mwendo wa mshindi, ana kovu la nyanya shavuni. Akasimama mbele ya wacheza karata akawahutubia: juu ya jiwe na masizi, juu ya Waosko na zamu zao, juu ya bibi ambaye sasa hakuna awezaye kumnyang'anya haki yake. Hawakumkatiza. Alipomaliza, Nunzio aliweka kitambaa chake chini.

"Kwa hiyo yule bibi alikuwa anakoroga kweli?"

"Kweli."

"Na yule profesa kakubali?"

"Amekubali kwa kalamu yake."

Nunzio akawageukia wenzake. "Jamani, toka leo nani atasema tulimwonea? Huyu ni Mwiko mwenye hati." Wakasimama wote, mpaka mzee wa meza ya nyuma asiyesimama hata kwa wimbo wa taifa, wakainua bilauri, wakamnywea Mwiko. Shujaa alifungua kinywa atoe pingamizi la hoja tatu. Akatazama nyuso zao, akakifunga, akainua bilauri yake.

Alipofika nyumbani alikuta chupa mlangoni. Incoronata alikuwa ameibandika kikaratasi cha jina kama abandikavyo chupa za wanawe, na juu yake, kwa penseli, neno moja: Mwiko. Jiwe alikuwa amekwisha kulirudisha mwenyewe shimoni kwake, akalipima kwa bilauri ya maji.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe, kwamba siku ile, tarehe kumi na mbili Agosti, Ersilio Pallotta mwana wa Vitale aliwasha jiko, akamimina ile nyanya ndani ya sufuria ndogo, akachukua mwiko, akakoroga. Kutoka chini. Kitendo hicho hakina nyota mbele wala alama ya kuuliza nyuma. Mimi nilikuwapo.